Muulize Madam wa Kemia: Ile nusu ya bondi isiyochorwa ubaoni

Barua za safari hii karibu zote zinazunguka jambo moja: atomi zinashikanaje. Si ajabu. Kidato cha tano wakifika kwenye sura hiyo, bahasha hujaa mezani kwangu. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu zile nyingine zinaiegemea, hata ile ya mama wa Ujiji ambaye hakuuliza kemia kabisa, aliuliza mafuta.

*Shikamoo Madam. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia). Kitabu kinasema bondi kovalenti hutokea pale obitali mbili zinapoingiliana. Nimekariri na alama nimepata. Lakini elektroni ni hasi kwa hasi, zinasukumana. Viini ni chanya kwa chanya, navyo vinasukumana. Sasa kinachoshika ni nini? Halafu kwenye mchoro wa obitali ya p wameweka alama ya jumlisha upande mmoja na ya toa upande wa pili. Ina maana upande mmoja una chaji chanya?*
*— Mwana-PCB, Songea*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, maana usipolimaliza hilo, la kwanza halitaeleweka hata nikijaza gazeti zima. Hapana. Alama zile hazihusiani na chaji hata kidogo. Elektroni ni hasi popote utakapoikuta, upande huu wa obitali na upande ule.

Obitali si chumba ambacho elektroni imepanga, wala si njia inayopita ikizunguka kiini. Ni wimbi, na wimbi hilo tunaliandika kwa hesabu: kila nukta iliyo jirani na kiini ina namba yake. Kwingine namba iko juu ya sifuri, kwingine iko chini ya sifuri. Ukitaka kujua uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani, unachukua namba ya mahali hapo, unaizidisha kwa yenyewe. Toa mbili mara toa mbili ni nne, sawasawa na mbili mara mbili. Kwa hiyo atomi ikiwa peke yake, alama haina athari yoyote. Athari inaanza pale atomi inapokutana na nyingine, na hapo alama ndiyo inayoamua kila kitu.

Mimi darasani sikuandika jumlisha na toa. Obitali ya p ina matumbo mawili, moja kila upande wa kiini; nilipaka upande mmoja chaki nyeupe, wa pili chaki nyekundu. Aliyeniuliza kwa nini nyekundu nilimjibu kwamba ofisini wangenipa ya kijani ningetumia hiyo. Anayeona rangi hawazii betri.

Kwenu mkoani Ruvuma mna Ziwa Nyasa, basi nalitumia. Simama ufukweni Mbamba Bay boti mbili zikipishana. Mawimbi ya boti hii yakikutana na ya ile kilele kwa kilele, maji huinuka juu kuliko wimbi lolote kati ya yale mawili. Kilele kikikutana na bonde, maji hulala kana kwamba hakuna boti iliyopita. Obitali nazo ni mawimbi, na hesabu yake ni hiyohiyo ya kujumlisha na kutoa.

Chukua atomi mbili za haidrojeni, kila moja na wimbi lake la 1s, yaani obitali ya s, ya mviringo kama mpira, kwenye ngazi ya kwanza ya nishati. Tuseme katikati, kati ya viini viwili, kila wimbi lina namba 1. Jumlisha mawimbi kwanza: 2. Kisha zidisha kwa yenyewe: 4. Kama kila wimbi lingebaki kivyake, tungekuwa na 1 mara 1, jumlisha 1 mara 1, yaani 2 tu. Ila ile 4 haiwezi kubaki 4, maana elektroni haziongezeki eti kwa sababu mawimbi yamekutana. Jumla yake lazima irudi ileile. Ukishaisawazisha, kwa obitali za 1s kama zilivyo na umbali halisi wa pikomita 74 kati ya viini (pikomita ni mita moja iliyogawanywa kwa trilioni), ongezeko pale katikati linabaki kama asilimia 14. Ni ongezeko dogo, lakini linahudumia viini viwili kwa pamoja, na kutenganisha moli moja ya H₂ (moli ni fungu la kuhesabia molekuli) kunakugharimu kilojuli 436.

Kwa nini hali hiyo ina nishati ndogo? Kitabu chako kitasema: elektroni iliyo katikati inavutwa na viini viwili badala ya kimoja, nayo inavivuta vyote ndani. Andika hivyo kwenye mtihani. Ila usidhani ndiyo yote. Wimbi lililopewa nafasi ya viini viwili halijabanwa kama lile la kiini kimoja; linalegea, na likilegea nishati mwendo ya elektroni hushuka. Likishapata nafuu hiyo, ndipo linajikaza karibu na viini na kuvutwa zaidi. Hoja hii ya nishati mwendo aliitoa Hans Hellmann, Mjerumani, mwaka 1933. Mwaka uliofuata alihamia Urusi ya Kisovieti kwa sababu mkewe alikuwa Myahudi na Ujerumani haikukalika tena. Huko Moscow, mwaka 1938, katika kamatakamata ya Stalin, akapigwa risasi. Klaus Ruedenberg ndiye aliyekuja kuichambua hoja hiyo kwa kina mwaka 1962. Vitabu vingi vya shule bado havijamfikia hata mmoja wao.

Na kule kusukumana ulikokuuliza? Kupo, hakukufutwa. Ndiko kunakofanya viini visimame kwenye pikomita 74 visisogeleane zaidi. Tena kuna molekuli inayokujibu waziwazi: ondoa elektroni moja kwenye H₂, ubaki na H₂⁺. Hapo elektroni ni moja, haina wa kusukumana naye, wala jozi hakuna. Viini bado vimeshikana, kwa kilojuli 256 kwa moli na umbali wa pikomita 106. Kwa hiyo jozi si siri ya bondi. Elektroni huwa mbili kwa sababu kanuni ya Pauli inaruhusu mbili katika obitali moja, spini zao (mielekeo ya usumaku wao mdogo) zikipingana, na mbili zinashika zaidi ya moja.

Sasa nije kwenye nusu inayorukwa. Nimekagua madaftari mengi, na karibu yote yanaishia kwenye kujumlisha. Lakini obitali mbili zikiingia, lazima mbili zitoke. Ya pili inatokana na kutoa: 1 toa 1 ni sifuri. Katikati ya viini kunakuwa na ukuta ambapo elektroni haikutwi kabisa, viini vinatazamana bila cha kuvifunika, na nishati inapanda juu kuliko ya atomi zilizoachana. Hiyo ndiyo mnayoiwekea alama ya nyota na kuisahau. Mimi naiita obitali pinzani. Haidrojeni ina elektroni mbili tu, zote zinaingia kwenye ile ya chini, ya juu inabaki tupu, ndiyo maana inasahaulika.

Mwulize heliamu. Atomi mbili za heliamu zina elektroni nne. Mbili zinaingia kwenye obitali ya bondi, mbili hazina pa kwenda ila kwenye pinzani. Na pinzani hupandisha nishati kuliko ile ya bondi inavyoishusha, kwa hiyo hesabu haiishii sifuri, inaishia kwenye hasara. Hakuna bondi. Ukisema heliamu haiungani kwa kuwa "imeridhika", umeipa gesi moyo. Ukisema obitali yake pinzani imejaa, hapo umeeleza. Na uthibitisho upo: ondoa elektroni moja, pinzani ibaki na moja tu, na He₂⁺ inashikana kwa umbali wa pikomita 108, karibu sawa na ile H₂⁺.

Waliolifungua jambo hili kwa mara ya kwanza ni vijana wawili waliokuwa Zurich mwaka 1927, Walter Heitler na Fritz London. Heitler alisimulia baadaye kwamba siku ile aliamka akiwa mzito, hakuweza kufanya kazi, akala chakula cha mchana, akarudi kulala mpaka saa kumi na moja jioni. Alipoamka alikuwa na picha kichwani: mawimbi ya haidrojeni mbili, moja kwa alama ya jumlisha na moja kwa alama ya toa. Akampigia simu London. Hesabu yao ya kwanza ilitoa kama theluthi mbili ya nguvu halisi ya bondi, na kwa watu waliokuwa wakihesabu kwa kalamu na karatasi, si haba. Njia yao haikuwa hasa hii ninayokueleza, ya obitali za molekuli, ambayo ni kazi ya Friedrich Hund na Robert Mulliken. Lakini jumlisha na toa zilikuwemo tangu mwanzo.

La mwisho, kisha nikuache ukale. Kukutana kwa obitali si lazima kuwe kuungana. Chukua s inayoijia p ubavuni: upande wa juu nyeupe kwa nyeupe zinajumlishana, upande wa chini nyeupe kwa nyekundu zinafutana, na jumla ni sifuri kamili. Na hata rangi zikikubaliana, nishati zikiachana mno hakuna cha maana kinachotokea. Kwenye HF, yaani haidrojeni na florini, elektroni ya haidrojeni imeshikwa kwa elektronivolti 13.6 (kipimo kidogo cha nishati), za 2p za florini kwa 17 na ushei, na za 2s za florini ziko chini huko kwenye 40 hivi. Haidrojeni inaungana na 2p inayoitazama uso kwa uso. Ile 2s karibu haiigusi.

*Madam, habari za kazi. Mimi ni fundi wa vifaa tiba hospitalini. Tuna kifaa cha kupimia oksijeni kwenye hewa anayovuta mgonjwa. Ndani kina sumaku, na katikati yake vipira viwili vya kioo vimeunganishwa kwa kijiti. Mwongozo unasema oksijeni huvutwa na sumaku. Mimi shuleni nilichora O=O, elektroni zote ziko mbilimbili, na nilifundishwa kwamba zikiwa mbilimbili usumaku unafutana. Nimwamini nani?*
*— Fundi, Mwanza*

Nzuri, fundi. Mwamini mwongozo. Umenifurahisha, kwa sababu hapo mkononi una kifaa kinachofanya kazi kwa zile obitali pinzani nilizomweleza mwanafunzi wa Songea.

Kila atomi ya oksijeni inaleta obitali tatu za 2p, kwa hiyo sita zinaingia na sita zinatoka. Moja ya bondi iko kwenye mstari wa viini, hiyo ni sigma. Mbili za bondi ziko ubavuni, hizo ni pai. Kisha wapinzani wao: pai mbili zenye nyota, zenye nishati sawa kabisa, na juu ya zote sigma yenye nyota. Elektroni za kuzipanga ni nane. Sita zinajaza zile za bondi. Zimebaki mbili, na ngazi inayofuata ni zile pai pinzani mbili zilizo sawa. Kanuni ya Hund inasema elektroni zikipata obitali zenye nishati sawa, kila moja inachukua yake, na spini zinaelekea upande mmoja. Basi unazo elektroni mbili zisizo na wenza, kila moja ni kisumaku, na vinavuta pamoja.

Mchoro wako wa O=O haukudanganya kwenye idadi: sita za bondi, toa mbili za upinzani, gawanya kwa mbili, ni bondi mbili. Gilbert Lewis, mkemia Mmarekani aliyeanzisha michoro ya aina hiyo, alihesabu vizuri tangu 1916. Alichokosa ni mahali pa kuzionyesha zile mbili za mwisho.

Tabia hii ilijulikana zamani kabla ya kuelezwa. Mwaka 1891 pale Royal Institution, London, James Dewar alimimina oksijeni ya kimiminika karibu na ncha za sumaku ya umeme, ikaruka na kuning'inia hapo mpaka ilipochemka na kuisha. Oksijeni hiyo ina rangi ya buluu hafifu na huchemka kwenye nyuzi −183. Naitrojeni ya kimiminika hupita katikati ya ncha hizohizo kama maji. Maelezo ya obitali yalikuja mwaka 1929 kwa John Lennard-Jones, na kwangu mimi hapo ndipo njia ya obitali za molekuli ilipojipatia heshima yake, maana ilipata usumaku huo bila kuongezewa neno.

Ukitaka uthibitisho mwingine, ng'oa elektroni moja kwenye O₂. Mtu wa kawaida atasema bondi itadhoofika, umeiibia elektroni. Haidhoofiki. Umbali unafupika kutoka pikomita 121 hadi 112, kwa sababu uliyoing'oa ilikuwa ya upinzani. Fanya hivyohivyo kwa naitrojeni, ambayo pinzani zake za 2p ni tupu, na bondi inarefuka kutoka 110 hadi 112.

Sasa vipira vyako. Vimejazwa naitrojeni, gesi isiyovutwa. Oksijeni ya mgonjwa ikiingia inakimbilia pale sumaku ilipo kali zaidi, inavisukuma vipira vitoke, kijiti kinazunguka kidogo. Kioo kidogo kilichobandikwa hapo kinaurusha mwanga kwingine, kifaa kinapitisha umeme wa kukirudisha kijiti mahali pake, na umeme uliohitajika ndio unaosomwa kama asilimia ya oksijeni. Kifaa cha kwanza cha kupima oksijeni kwa sumaku alikibuni Linus Pauling mwaka 1940. Naona raha kidogo hapo, kwa kuwa Pauling huyohuyo alishikilia maisha yake yote ile njia nyingine ya kuelezea bondi, iliyoanzia kwa Heitler na London, ambayo usumaku wa oksijeni haiufikii kirahisi.

Angalizo la kazi: naitriki oksaidi, ambayo wodi nyingine huwapa watoto wachanga wenye shida ya mapafu, nayo ina elektroni moja isiyo na mwenza. Inavutwa pia.

*Shikamoo Madam. Nasomea ualimu, mwaka wa kwanza. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha mtoto mmoja aliuliza: kaboni inajuaje kwamba inatakiwa kujigeuza kuwa sp³ kabla haidrojeni hazijafika? Darasa lilicheka, mimi sikucheka maana sikuwa na jibu.*
*— Mwalimu mtarajiwa, Dodoma*

Marahaba. Waliocheka ndio hawakuelewa somo. Kaboni haijui kitu, wala haijigeuzi kabla.

Alichofanya Pauling mwaka 1931 ni kupanga upya namba zilezile. Chukua s moja na p tatu za kaboni, uzijumlishe na kuzitoa zenyewe kwa zenyewe, ndani ya atomi moja. Upande ambao p ni nyeupe inaikuza s, upande ambao ni nyekundu inaimega. Unapata umbo lenye tumbo kubwa upande mmoja na mkia mdogo upande wa pili. Ukifanya michanganyo minne tofauti unapata nne zinazofanana, ndizo sp³ (s moja, p tatu), zikitazamana kwa nyuzi 109.5. Zimeingia nne, zimetoka nne. Hakuna kipya kilichozaliwa. Ni kama kuuelezea uwanja uleule kwa kaskazini na mashariki, au kwa mistari ya kona kwa kona.

Faida yake ni kwamba kila mchanganyo unaielekea haidrojeni moja, na unaweza kuzungumzia bondi mojamoja. Gharama wanayoitaja vitabuni ni ya kweli pia: kupandisha elektroni moja ya 2s kwenda 2p kunakula kama kilojuli 400 kwa moli. Lakini badala ya bondi mbili kaboni inapata nne, kila moja kama kilojuli 415, na deni linalipwa likabaki na ziada. Hayo yote hutokea kwa pamoja haidrojeni zinapokaribia. Hakuna aliyetangulia kujiandaa.

Ukitaka kumkamata anayedai obitali nne za sp³ zipo kweli na zina nishati moja, mwonyeshe methani (kaboni moja, haidrojeni nne) iliyopigwa na mionzi mikali mpaka ikatema elektroni. Zingekuwa nne sawa, tungeona kundi moja. Tunaona mawili: moja kwenye elektronivolti 14 hivi, jingine kwenye 23. Haidrojeni nne zikijumlishwa kwa alama zinazolingana zinaungana na s. Zikipangwa kwa alama mbilimbili zinaungana na zile p tatu. Kwa hiyo bondi nne ni sawa kwa urefu na kwa nguvu, ila elektroni zilizozijenga ziko kwenye ngazi mbili. Mweleze mtoto yule hivyo, hata kama haiko kwenye silabasi yake.

Na msizipake sp³ kila mahali. Maji yana pembe ya nyuzi 104.5, mseto, yaani mchanganyo huo wa s na p, unasaidia kuielezea. Haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya yai viza, ina nyuzi 92, karibu pembe mraba ya p kwa p. Salfa haikuhitaji mseto wa maana.

*Madam, mimi nachomelea kwa gesi. Kwa nini mtungi wa asetilini haulazwi wakati wa oksijeni tunaulaza na hauna neno? Mzee wangu wa kazi anasema asetilini "ina hasira".*
*— Gereji, Arusha*

Mzee wako yuko sahihi, fundi, na hasira yenyewe iko kwenye bondi. Kaboni mbili za asetilini zimeshikana mara tatu: sigma moja kwenye mstari, na pai mbili za kuingiliana ubavuni. Ubavuni obitali hazikutani vizuri kama uso kwa uso, kwa hiyo pai ni dhaifu kuliko sigma. Bondi moja ya kaboni kwa kaboni ni kama kilojuli 347 kwa moli. Tatu kama hizo zingekuwa 1041. Ile ya mara tatu ni kama 839. Tofauti hiyo ni akiba iliyobanwa, na gesi inaweza kuiachia hata bila hewa, ikavunjika kuwa masizi na haidrojeni.

Ndiyo maana haibanwi tupu kwenye mtungi. Ndani kuna kitu chenye vitundu kama pumisi kilicholowa asetoni, na gesi imeyeyuka humo. Ukiulaza, asetoni inatoka na gesi, moto wako unaharibika, na mtungi unabaki na gesi isiyo na cha kuituliza. Uliolazwa usimamishe na uuache utulie kwanza, usiufungue papo hapo. Na huo wa oksijeni, hata kama umelazwa, ufunge usibingirike. Vali yake ikivunjika hakuna atakayebaki gerejini.

*Dada Mwalimu, salamu. Napika hapa Ujiji. Wateja wengine wanataka mgebuka wa mawese mekundu, wengine wanataka wa kukaanga, basi nayachoma mawese mpaka yanakuwa meupe. Wekundu unakwenda wapi? Na je, kuna kinachopotea?*
*— Mama Lishe, Ujiji*

Salama, Mama. Kinapotea, tena kile kile kilicho kizuri.

Wekundu wa mawese ni karotini. Mafuta yasiyosafishwa huwa nayo kama miligramu 500 hadi 700 kwa kilo. Beta-karotini ni mnyororo mrefu wa kaboni ambamo bondi za mara mbili na bondi za mara moja zinapokezana, na hizo za mara mbili ni 11. Kila kaboni ya sehemu hiyo inatoa obitali moja ya p ya ubavuni. Hazikai wawiliwawili kila jozi na lake, bali 22 zote zinaungana mnyororo mzima. Zinatoka 22: za bondi 11 zimejaa, pinzani 11 tupu.

Mwanga ukigonga, elektroni ya juu kabisa kwenye zile zilizojaa inaruka kwenda pinzani ya chini kabisa. Mnyororo ukiwa mfupi mruko ni mkubwa. Etheni, yenye bondi moja tu ya mara mbili, ile gesi inayoivisha ndizi, inataka mwanga wa nanomita 165 hivi, urujuanimno ambao jicho halioni. Ukiwa na mbili zinazofuatana, kama butadieni, ni 217, bado hatuoni kitu. Zikifika 11, ngazi zimesongamana, mruko umekuwa mdogo, na mwanga wa nanomita 450 unatosha. Huo ni wa buluu. Mawese yanakula buluu, kinachobaki kwenye jicho lako ni nyekundu na manjano.

Ukiyachoma kwa moto mkali, mnyororo unakatika, na oksijeni ya hewa inausaidia kukatika. Vipande vinavyobaki vina bondi tatu au nne za mara mbili zinazofuatana, vinarudi kunyonya urujuanimno, na sisi tunaona mafuta meupe. Kilichotoka ni chakula: mwili hukata beta-karotini ukatengeneza vitamini A, ile ya macho. Mawese meupe yanakaanga vizuri, sikatai, lakini vitamini hiyo haimo tena.

Kwa mgebuka wa mchuzi, weka mawese mwishoni, moto wa wastani, yasifuke moshi. Na yale ya akiba usiyaweke juani kwenye chupa nyeupe kama nilivyoona kwenye vibanda vya barabarani, mwanga nao unafanya kazi ileile polepole. Dumu la rangi, mfuniko uliokaza, kivulini.